UCHAMBUZI: Bila hesabu safi, pool itabaki kuwa mchezo wa ugomvi

MCHEZO wa pool umeota mizizi nchini kiasi kwamba ni nadra mtu kupita katika kituo cha biashara jioni bila kusikia mipira ikigongana mezani. Mchezo ambao zamani ulihesabiwa kuwa burudani ya walevi tu, sasa una mashindano, zawadi na mashabiki wake.

Majirani zetu nao hawajaachwa nyuma. Uganda imekuwa na ligi ya taifa inayosimamiwa na chama cha mchezo huo, nayo Tanzania kwa miaka kadhaa iliandaa mashindano ya kitaifa yaliyofadhiliwa kwa jina la bia ya Safari.

Hata hivyo, palipo na mashindano hapakosi malalamiko. Yeyote aliyewahi kuhudhuria mechi za mitaani atakiri kuwa rabsha nyingi hazitokani na uhaba wa ustadi wala ubovu wa meza. Chanzo chake ni hesabu: nani ameshinda michezo mingapi, nani amefanya kosa, na nani alistahili kucheza zamu ile.

Baadhi ya watu hulichukulia jambo hili kwa wepesi. Husema kuwa huo ni mchezo tu, na kwamba wanaogombana ni watu wasio na kazi. Kauli hiyo haina mashiko. Penye zawadi, na hasa penye dau, alama moja iliyoandikwa vibaya ni mali ya mtu iliyochukuliwa.

Ni vyema basi kuuchunguza ugomvi huu kwa makini, kwa kuwa si wa aina moja.

Aina ya kwanza ni ya idadi. Mashindano mengi ya pool huchezwa kwa mtindo wa mbio: anayetangulia kushinda idadi fulani ya michezo, tuseme mitano au saba, ndiye mshindi. Hapa kuna hila ya hesabu ambayo wengi hawaifikirii. Mchezo mmoja ukiandikwa kwa jina lisilo lake, tofauti baina ya wachezaji haibadiliki kwa moja bali kwa mbili, kwani mmoja amepunguziwa na mwenzake ameongezewa.

Mwaka wa 1996, jijini Hong Kong, Mfilipino Efren Reyes na Mmarekani Earl Strickland walikutana katika mechi ya mbio za michezo 120, mshindi akitengewa dola 100,000. Reyes alishinda kwa michezo 120 dhidi ya 117. Baada ya michezo 237 kilichowatenganisha ni mitatu pekee. Lau mwandishi wa alama angekosea mara mbili tu kwa upande mmoja, Strickland ndiye angekuwa mbele.

Ikiwa mabingwa wa dunia wanaweza kutenganishwa na uzi mwembamba namna hiyo, itakuwaje kwa vijana wawili wanaohesabu kwa kukumbuka, huku muziki ukivuma na mashabiki wakipiga kelele?

Aina ya pili ya ugomvi ni ya makosa. Hapa ndipo pool inapotofautiana na kandanda. Uwanjani refa yupo na kipenga chake, na mchezaji akicheza ngware hangoji kujishtaki. Katika pool, mechi nyingi za wachezaji wa kawaida hazina refa kabisa.

Kanuni za shirikisho la dunia la mchezo huo, WPA, zinalitambua jambo hili. Zinasema kwamba pasipo na refa, mchezaji asiyecheza kwa wakati huo ndiye atakayefanya kazi ya refa. Kwa maneno mengine, mpinzani wako ndiye hakimu wako, na baada ya dakika chache wewe utakuwa hakimu wake.

Utaratibu huu unaweza kuonekana kama kumpa fisi ulinzi wa bucha. Lakini waliotunga kanuni hizo hawakuwa wajinga. Waliuwekea mipaka inayozuia mechi kugeuka baraza la kesi zisizokwisha.

Mpaka wa kwanza ni wa wakati. Kosa ambalo halikutajwa kabla ya pigo linalofuata kuanza huhesabiwa kuwa halikutokea. Mchezaji hawezi kukaa kimya, akasubiri ashindwe, kisha afufue kosa la zamu tatu zilizopita.

Mpaka wa pili unahusu shaka. Mpira mweupe ukigonga mpira halali na usio halali karibu kwa wakati mmoja, na ikawa haiwezekani kujua upi uliguswa kwanza, kanuni humpa faida aliyepiga. Anayetaka kumhukumu mwenzake ni sharti awe na hakika.

Upo pia wajibu wa kuonya. Katika mchezo wa mipira tisa, mtu akifanya makosa matatu mfululizo, bila pigo halali kati yake, hupoteza mchezo huo. Lakini anapofika mezani akiwa na makosa mawili, anapaswa kuonywa. Asipoonywa, kosa lake la tatu litahesabiwa kuwa la pili. Hakuna anayeruhusiwa kumtegea mwenzake kwa ukimya.

Ukizitazama kanuni hizi kwa pamoja, utaona kuwa zote zinataka mambo yasemwe waziwazi na kwa wakati wake. Ni kinyume kabisa cha yanayotendeka katika meza nyingi za mitaani, ambako kila ukumbi una sheria zake. Mahali pamoja kosa humpa mpinzani mapigo mawili, pengine humpa nafasi ya kuuweka mpira mweupe popote apendapo, na mgeni huzijua sheria hizo baada ya kuadhibiwa nazo.

Kuna aina ya tatu ya ugomvi, ambayo ni ya siri zaidi. Nayo ni udanganyifu wa kujifanya dhaifu.

Katika ligi za wapenzi wa mchezo huu nchini Marekani, hutumika mfumo wa hendikapu ili wachezaji wa viwango tofauti waweze kushindana. Aliye hodari hutakiwa kushinda michezo mingi zaidi kuliko mpinzani wake aliye dhaifu. Ligi ya APA, iliyoanzishwa na wachezaji Terry Bell na Larry Hubbart, ndiyo iliyoutandaza mfumo huo kwa upana.

Katika ligi hiyo, kazi ya mwandishi wa alama haiishii katika kuandika nani ameshinda. Huhesabu pia zamu ambazo mchezo umechukua, na mapigo ya kujilinda, yaani yale ambayo mchezaji hakukusudia kuingiza mpira. Takwimu hizo ndizo zinazoamua kiwango cha mtu.

Hapo ndipo mlango wa hila unapofunguka. Mchezaji mjanja anaweza kukosa makusudi mpira rahisi ili zamu ziongezeke, kiwango chake kishuke, na siku ya fainali aingie akiwa na nafuu asiyostahili. Mwandishi asipotambua kuwa pigo lile lilikuwa la makusudi, karatasi itasema uongo ingawa kila tarakimu ndani yake ni sahihi.

Ndiyo maana baadhi ya waandalizi wamegeukia mifumo inayotazama matokeo pekee, na wala si zamu. Mmojawapo ni FargoRate, ambao hulinganisha matokeo ya wachezaji wengi waliokutana. Katika mfumo huo, tofauti ya pointi 100 ina maana kuwa mchezaji bora anatarajiwa kushinda michezo miwili kwa kila mmoja wa mpinzani wake. Bado mtu anaweza kupoteza makusudi, lakini itamgharimu mechi halisi.

Funzo ni kwamba hesabu nzuri hupunguza udanganyifu, lakini haiwezi kuumaliza. Mchezo wa snuka, ambao ni ndugu wa pool, ulilithibitisha hili Juni 2023, wakati wachezaji 10 kutoka China walipoadhibiwa katika kashfa ya upangaji wa matokeo. Liang Wenbo na Li Hang walifungiwa maisha.

Mechi zilizohusika zilikuwa na marefa waliovalia glavu nyeupe na mbao za alama zisizokosea. Alama zilikuwa sahihi. Nia ndiyo iliyokuwa mbovu.

Kashfa hiyo ina upande wa pili ambao haufai kusahauliwa. Zhao Xintong, aliyefungiwa miezi 20, alitumikia adhabu yake, akarejea, na Mei 2025 akawa Mchina wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia wa snuka. Adhabu iliyopimwa kwa haki na kwa uwazi huweza kumrudisha mtu mchezoni, tofauti na kumtimua ukumbini kwa ngumi.

Ikiwa basi karatasi haitoshi, inabaki nguzo ya pili, yaani uungwana wa mchezaji mwenyewe. Wapo wanaoamini kuwa uungwana ni hiari ya wanyonge. Historia ya michezo inawakanusha.

Mwaka wa 1925, katika mashindano ya gofu ya US Open, Bobby Jones alijitoza pigo moja la adhabu kwa sababu mpira wake ulisogea, ingawa maafisa hawakuwa wameliona kosa lenyewe. Mashindano yalimalizika kwa sare, na Jones akashindwa na Willie Macfarlane katika mchujo. Bila pigo hilo angekuwa bingwa.

Sisi Wakenya tuna mfano ulio karibu zaidi. Desemba 2012, katika mbio za nyika huko Burlada, Uhispania, Abel Mutai, aliyekuwa ameshinda medali ya shaba ya mbio za kuruka viunzi na maji katika Olimpiki ya London, alisimama mita chache kabla ya utepe akidhani amemaliza. Mhispania Iván Fernández Anaya, aliyekuwa nyuma yake, alikataa kumpita. Alimwonyesha njia hadi Mutai akavuka akiwa wa kwanza.

Hakuna kanuni iliyomlazimisha Fernández kufanya hivyo. Alitambua tu kuwa ushindi ambao ungetokana na mwenzake kukosea kuusoma utepe haungekuwa wake.

Lakini uungwana nao hauondoi wajibu wa kuwa makini. Mwaka wa 1968, katika mashindano ya gofu ya Masters, Roberto De Vicenzo wa Argentina alitia sahihi kadi yenye kosa. Mwenzake aliyekuwa akimwandikia alama, Tommy Aaron, aliandika mapigo manne katika shimo la 17 badala ya matatu. Watazamaji walikuwa wameyaona yale matatu. Hata hivyo, kwa kuwa sahihi ilikuwa imetiwa, alama 66 zikasimama badala ya 65, na nafasi ya kuingia katika mchujo dhidi ya Bob Goalby ikapotea.

Wengi huiona hukumu hiyo kuwa ya kikatili. Bali ilikuwa na mantiki: anayetia sahihi hesabu huimiliki. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari lisilosomwa na mwenyewe halina tofauti na lisilokuwepo.

Watakaosema kuwa teknolojia itatuondolea taabu hii hawakosei sana. Willie Mosconi alipoingiza mipira 526 mfululizo mwaka wa 1954 huko Springfield, Ohio, ushahidi ulikuwa ni kauli ya waliokuwepo. John Schmidt alipofikisha mipira 626 mwaka wa 2019, kulikuwa na kamera. Leo kila kijana ana simu inayoweza kurekodi meza nzima.

Lakini video haina maana ikiwa hakuna aliyekubaliwa na pande zote kuitazama na kuamua. Wakenya hawahitaji kuelezwa hili na wachezaji wa pool. Mnamo Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa urais kwa kasoro ambazo nyingi zilihusu jinsi matokeo yalivyopeperushwa na kuthibitishwa. Tulijifunza kuwa matokeo hayakubaliki kwa sababu tu yametangazwa, na kwamba fomu iliyojazwa na kutiwa sahihi kituoni, mbele ya mawakala wa pande zote, ina uzito wake.

Wenye kumbi na waandalizi wa mashindano wanaweza kuanza na hatua ambazo hazihitaji mfadhili. Kanuni zibandikwe ukutani kabla ya mechi ya kwanza. Kila upande uandike karatasi yake, na karatasi hizo zilinganishwe baada ya kila mchezo, wala si mwishoni. Aliyeweka dau asikubaliwe kushika kalamu. Pigo linaloelekea kuleta utata lisimamishwe kwanza, aitwe mtu wa tatu asimame karibu na meza, ndipo lipigwe.

Viongozi wa mchezo huu nao wana wajibu wa kuwafunza waamuzi na waandishi wa alama, na kuwaheshimu kama wanavyowaheshimu mabingwa. Ni kazi isiyo na makofi, lakini bila hao hakuna kombe lenye thamani.

Iwapo hayo hayatazingatiwa, wazazi wataendelea kuwakataza watoto wao kukaribia meza hizo, wafadhili watapeleka fedha kwingine, na vipaji vitaozea vichochoroni. Mchezaji anayetaka pool iheshimiwe na aanze kwa kulitaja kosa lake mwenyewe kabla ya mpinzani kufungua kinywa.