Kinyago Bila Neno Lake

Mwaka 1912 Constantin Brancusi, mchongaji wa Romania aliyeishi Paris, alichonga kwa marumaru kichwa cha mchoraji Margit Pogany. Macho ni makubwa mno, mdomo karibu haupo, kichwa ni laini kama yai. Leo wanafunzi wa sanaa wanafundishwa kwamba usasa wa uchongaji ulizaliwa katika kazi za namna hiyo.

Nyuma ya milima inayoitazama Uvira, kuanzia Mwenga hadi Shabunda na Pangi, Walega nao walichonga pembe za ndovu: uso uliobonyea kwa umbo la moyo, mistari michache, ngozi iliyong'aa kwa kupakwa mafuta. Wengi wetu husema kwa fahari, "Sisi tulijua hayo zamani!" Naona fahari hiyo inatupotosha.

Brancusi alipunguza ili umbo lijitegemee. Katika bwami umbo halikujitegemea. Iginga, sanamu ya pembe ya daraja la kindi, ilionyeshwa pamoja na msemo, wimbo na ngoma. Ile yenye nyuso nyingi huitwa Sakimatwematwe, yaani mwenye vichwa vingi: mtu wa busara aonaye pande zote. Tena kinyago kilekile kiliweza kupewa msemo mwingine siku nyingine. Kwa maoni yangu, ndiyo maana mchongaji hakuhitaji kuchonga kila unywele. Alichoacha, neno lilikijaza.

Mwaka 1948 utawala wa Wabelgiji ulipiga bwami marufuku. Vinyago vingi vimo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Misemo ilibaki vichwani mwa wazee. Daniel Biebuyck alikusanya mingi, lakini kitabu chake cha 1973 kimeandikwa kwa Kiingereza.

Basi kazi hii ni yetu, si ya wanasanaa peke yao. Kila mwanafunzi wa kitivo hiki anayetoka Mwenga au Shabunda, na Wabembe wa Fizi pia, arekodi majina na misemo ya vinyago kwa lugha ya kwao, kisha atafsiri. Mtaniambia bwami ina siri zake. Kweli. Wazee waulizwe kwanza, na wakikataa, tuheshimu. Lakini tusipowauliza, watakufa nayo, na sisi tutabaki kusifu ulaini wa pembe kama wageni.