Mzee Moffat kwa Mwanawe, Inyati

Desturi ya mzazi amtembeleaye mwanawe aliyehamia mbali ni kukaa siku chache, kuchinjiwa kuku, kuonyeshwa shamba na kurudi kwake. Robert Moffat, mmisionari wa Kuruman katika Afrika ya Kusini, hakufanya hivyo. Alikaa na mwanawe John katika nchi ya Wandebele tangu mwezi wa Oktoba 1859 hata Juni 1860, na sehemu kubwa ya siku hizo alikuwa na msumeno au nyundo mkononi. Umri wake ulikuwa miaka 64.

Mzee huyu alizaliwa Scotland mwaka wa 1795. Kazi yake ya ujana ilikuwa utunzaji wa bustani, na huko Kuruman alichimba mifereji na kunywesha mashamba kwa maji ya chemchemi. Aliifasiri Biblia nzima kwa Kitswana, akamaliza mwaka wa 1857. John, aliyezaliwa Kuruman mwaka wa 1835, alisoma Uingereza akarudi na mke wake mwaka wa 1858, akiwa na nia ya kwenda kuhubiri kwa Wandebele. Shemeji yake, Dkt. Livingstone, ndiye aliyetoa fedha zake mwenyewe ili kijana huyo apate kuanza kazi.

Lakini fedha hazikutosha kumfungulia mtu mlango wa Mzilikazi. Mfalme huyo alikuwa amefukuzwa na Makaburu mwaka wa 1837, akavuka mto Limpopo kuelekea kaskazini, na tangu hapo kila gari la mzungu lilimtia shaka. Mzungu mmoja tu alimpenda. Moffat na Mzilikazi walijuana tangu 1829, na mfalme alimwita Moshete. Mwaka wa 1854 Moffat alimkuta mgonjwa, amevimba miguu, akamtibu. Mwaka wa 1857 akamwendea tena kuomba ruhusa ya walimu kukaa katika nchi yake, naye mfalme akakubali. Kwa hiyo walimu walipofunga safari mwaka wa 1859, John akiwa pamoja na William Sykes na Thomas Morgan Thomas, baba mtu alikwenda nao. Mama yake John alibaki Kuruman.

Safari ilikuwa zaidi ya maili 600 kwa magari ya maksai. Walipoikaribia nchi ya mfalme, maksai wao wakashikwa na homa ya mapafu. Mfugaji yeyote atafahamu uzito wa jambo hilo, kwa maana ugonjwa huo huenda kwa kundi zima, na utajiri wa Wandebele ulikuwa ng'ombe. Moffat angeweza kunyamaza na kusonga mbele. Hakunyamaza, alisimamisha magari, akapeleka wajumbe kumwonya mfalme ya kwamba wanyama wao ni wagonjwa. Mfalme naye akawatuma askari wake waje wayakokote magari kwa mikono yao, na baadaye akaleta maksai wazima.

Hata hivyo, baada ya salamu za kwanza Mzilikazi alinyamaza. Majuma yakapita, walimu wamekaa ndani ya magari yao pasipo kuonyeshwa mahali pa kujenga. Ilidhaniwa kwamba mfalme amejuta, au ameonywa na wazee wake ya kuwa nyuma ya walimu watakuja wachuuzi, na nyuma ya wachuuzi Makaburu. Wazee hao hawakuwa wajinga. Mwezi wa Desemba neno likatoka: wapewe Inyati, bonde lenye chemchemi.

Hapo ndipo ugeni ulipogeuka kazi. Mzee alipasua mbao, akafua chuma, akarekebisha magari, akawafundisha vijana mambo ambayo shule za Uingereza hazikuwafundisha. Miezi ikapita, na nyumba za misheni zikaanza kusimama.

Juni 1860 ukafika wakati wa kuagana. Siku ya Jumapili mzee alikwenda kwa mfalme, akamhubiria yeye na watu wake mara ya mwisho, kisha akashika njia ya Kuruman. Hawakuonana tena, Mzilikazi alikufa mwaka wa 1868.

Ikumbukwe kwamba mwaka uo huo wa 1860 kundi jingine la walimu lililokwenda kwa Wakololo, huko Linyanti, liliangamia kwa homa. Bwana Helmore alikufa pamoja na mkewe na watoto wao wawili, kadhalika mke wa Bwana Roger Price na mtoto wake mchanga. Price alipona, na mwaka wa 1861 Moffat akamwoza binti yake Elizabeth. (Ni Price huyu aliyefika Saadani, pwani ya Tanganyika, mwaka wa 1876 kutazama kama maksai waweza kuvuta magari hata Mpwapwa. Mwaka uliofuata mbung'o waliwaua maksai.) Mzee aliyewapeleka watoto wake katika kazi hiyo alijua vizuri bei yake.

John alibaki Inyati mpaka 1865. Mfalme hakumdhuru, bali watu waliogopa kuifuata dini isiyokuwa ya mfalme wao, na misheni ile ilikaa miaka zaidi ya ishirini kabla ya kupata waongofu wake wa kwanza. Mfalme alikuwa amempokea rafiki yake. Hakuahidi kuwapokea wengine kwa moyo ule ule, wala urafiki si kama shamba ambalo baba humgawia mwanawe.

Lakini jina la Moffat lilibaki na thamani huko. John aliiacha misheni akaingia katika utumishi wa serikali ya Uingereza, na tarehe 11 Februari 1888 alitia sahihi mkataba pamoja na Lobengula, mwana wa Mzilikazi, aliyeahidi kutofanya mapatano na taifa jingine bila idhini ya Waingereza. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo wajumbe wa Cecil Rhodes walipata hati ya kuchimba madini, na katika vita vya 1893 ufalme wa Wandebele ulivunjwa na kampuni ya Rhodes. Mzee Moffat hakuyaona hayo. Alikuwa amefariki Uingereza mwezi wa Agosti 1883.