Hitilafu Ndiyo Somo: Maoni Kuhusu Ufundishaji wa Bodi za Maikrokontrola

Mwalimu apendaye kazi yake hufurahi zana yake inapofanya kazi mbele ya darasa. Ramani ikitundikwa vizuri, mizani ikipima sawasawa, taa ya tochi ikiwaka, mwalimu hujiona amefaulu na wanafunzi hutulia. Hata hivyo, kuna zana moja iliyoanza kuonekana katika baadhi ya shule na vilabu vya sayansi nchini mwetu, ambayo mara nyingi haiwaki, na ambayo humfaa mwanafunzi zaidi siku ile isipowaka. Zana hiyo ni bodi ya maikrokontrola. Tunaandika makala haya kwa ajili ya wanachuo wanaojiandaa kufundisha shule za msingi, hasa wale watakaopangiwa shule za Singida, kutoka Manyoni na Itigi hadi Iramba na Mkalama. Shabaha yetu ni kutetea jambo moja: mwalimu anayemnyang'anya mwanafunzi bodi iliyokwama na kuitengeneza mwenyewe, amemnyang'anya somo.

Kwanza tueleze zana yenyewe. Maikrokontrola ni kompyuta ndogo iliyomo ndani ya chipu moja. Hutunza programu moja na kuirudia bila kuchoka: husoma kinachoingia kwenye pini zake, huamua, kisha hutoa umeme kwenye pini nyingine. Bodi ni kibao kidogo kinachoibeba chipu hiyo pamoja na sehemu za kuunganishia waya. Bodi iitwayo Arduino ilibuniwa mwaka 2005 huko Ivrea, Italia, kwa ajili ya wanafunzi wasio wahandisi, na michoro yake iliachwa wazi ili yeyote aweze kuiga. Aina yake ijulikanayo zaidi, Uno, hutumia volti 5 na ina pini 14 za kidijitali na 6 za kupimia. Bodi nyingine, micro:bit, ilitolewa na BBC kwa watoto wa shule wa Uingereza mwaka 2016. Hiyo ina taa ndogo 25 na vitufe viwili, huendeshwa kwa betri mbili ndogo za volti 1.5, na yaweza kupewa programu hata kutoka kwenye simu. Kwa shule isiyo na umeme wa gridi, sifa hizo si ndogo.

Mtu aweza kuuliza: je, watoto wa Darasa la Tano wana haja gani na vitu hivyo, ilhali madawati hayatoshi? Swali hilo ni la haki, nasi hatulipuuzi. Lakini historia ya nchi yetu inatupa sababu ya kulifikiri upya. Kompyuta ya kwanza ya serikali iliingia Tanzania mwaka 1965, ikawekwa katika Wizara ya Fedha. Mpango wa kuhamishia hesabu za serikali katika kompyuta ulikuja kukwama, na mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Baadaye marufuku hayo yalilegezwa, na hatimaye yakaondolewa. Hatuwalaumu viongozi wa wakati ule. Walikuwa na fedha chache na wataalamu wachache mno wa kizalendo. Tunachotaka wanachuo wakione ni hiki: mashine inapokwama mahali pasipo na watu wa kutosha waliozoea kuitafutia hitilafu, njia iliyo rahisi ni kuiondoa. Jambo hilo hilo hutokea darasani kwa kiasi kidogo. Bodi ikikataa mara mbili, hufungiwa kabatini, na kabatini hukaa mpaka mwalimu ahamishwe.

Sasa tuliangalie neno lenyewe. Kiswahili chetu kinatofautisha kosa na hitilafu. Kosa lina mkosaji, na mkosaji hutafutiwa adhabu. Hitilafu haina mkosaji. Ina chanzo, na chanzo hutafutwa. Watoto wetu wengi wameyazoea makosa: alama nyekundu ya mkasi daftarini, kicheko cha wenzao, na mara nyingine fimbo. Mtoto wa namna hiyo taa yake isipowaka hufanya mambo mawili tu. Ama huficha kazi yake, ama hunakili ya jirani. Kwa hiyo mwalimu na aseme tangu siku ya kwanza, "Hapa pana hitilafu, tuitafute," na kamwe asiulize, "Nani ameharibu?" Maneno haya ni mepesi, lakini ndiyo yanayoamua kama mtoto atainua mkono au atainamisha kichwa.

Utafutaji wa hitilafu una utaratibu wake, nao unafundishika. Tuchukue mfano unaofaa mkoa huu, ambao mvua zake ni za msimu mmoja na ardhi hukauka kwa miezi mingi. Wanafunzi wametengeneza kifaa cha kupima unyevu wa bustani ya mchicha ya shule. Misumari miwili imechomekwa ardhini. Mmoja umeunganishwa na volti 5 za bodi ya Uno. Wa pili umeunganishwa na pini ya kupimia, na kutoka hapo rezista ya kiloomu 10 inakwenda kwenye upande wa hasi. Bodi husoma namba kuanzia 0 hadi 1023: udongo ukiwa mkavu namba hushuka, ukiwa na unyevu hupanda. Namba ikishuka chini ya kiwango kilichowekwa, taa huwaka kuonyesha kwamba bustani inadai maji. Asubuhi moja bustani imemwagiliwa, na bado taa inawaka. Tufanyeje?

Mwalimu asiye na subira huanza kung'oa waya zote na kuzipachika upya. Huenda kifaa kikapona, lakini hakuna aliyejua kilikuwa na nini. Mwalimu mwenye utaratibu huwaongoza wanafunzi kwa maswali, kila swali likipunguza mahali pa kutafuta.

Swali la kwanza: je, umeme unafika? Bodi ina taa yake ndogo ya kuonyesha umeme. Kama haiwaki, tutazame betri na waya kabla ya kuilaumu programu.

Swali la pili: je, kompyuta inaiona bodi? Ziko kebo za USB zilizotengenezwa kwa kuchajia simu tu. Ndani yake hamna waya za kupitisha maelekezo. Kebo ya namna hiyo huwasha taa ya bodi na kumdanganya mwalimu siku nzima. Pia bodi nyingi za kuiga hutumia chipu ya CH340, ambayo baadhi ya kompyuta haziitambui mpaka ziwekewe programu yake.

Swali la tatu: je, bodi yenyewe ni nzima? Tuipe programu fupi kuliko zote, ile ya kuwasha na kuzima taa iliyomo kwenye bodi, inayotawaliwa na pini namba 13. Ikikubali, basi kwa jaribio moja tumesafisha bodi, kebo na kompyuta, na hitilafu imebaki kwingine.

Swali la nne: je, waya za misumari zimeungwa sawasawa? Tuing'oe misumari na kuigusanisha. Namba yapasa kufika karibu na 1023. Tuitenganishe hewani, namba yapasa kushuka karibu na 0. Namba ikirukaruka ovyo misumari ikiwa hewani, tuikague rezista, kwa maana bila rezista hiyo pini huelea na kusoma chochote. Majaribio yote mawili yakijibu vizuri, waya na usomaji wake havina lawama.

Swali la tano, ambalo wengi hawalifikii: je, kifaa kinapima kile tunachodhani kinapima? Tuchimbe kidogo pale misumari ilipokuwa. Udongo mzito wa mbugani hupasuka ukikauka, na msumari ukiangukia katika ufa haugusi udongo wenye maji ingawa bustani nzima imelowa. Mashine haikusema uongo. Ilipima hewa iliyomo katika ufa, nasi tukaiuliza habari za bustani.

Katika mfano huu mwanafunzi amejifunza umeme, sifa za udongo, kusoma namba na kuiamini kwa kiasi chake. Amejifunza pia kanuni mbili ambazo fundi baiskeli wa kijijini kwake anazijua siku nyingi: badili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, na pitisha mpira ndani ya maji kipande kwa kipande hadi mapovu yatokee. Mwalimu asione haya kumwalika fundi huyo darasani. Njia ya kufikiri ni ile ile.

Zaidi ya hayo, hitilafu huzaa uendelezaji. Baada ya siku kadhaa wanafunzi wataona msumari wa upande wa chanya umeliwa na kutu kuliko mwenzake. Umeme unaopita mfululizo katika udongo wenye maji ndio unaoula. Wakishatambua hivyo watafikia wenyewe shauri la kuulisha msumari huo kutoka pini ya kidijitali, pini hiyo iwashwe kwa nukta moja wakati wa kupima na kuzimwa. Kifaa cha pili kitakuwa bora kuliko cha kwanza, nao watajua kwa nini.

Tunajua pingamizi zitakazoletwa. Ya kwanza ni wingi wa wanafunzi na uchache wa vifaa. Darasa la watoto 60 lenye bodi moja laweza kufundishwa, mradi kazi igawanywe. Kundi moja lishike waya, jingine liandike, jingine libashiri matokeo kabla ya kila jaribio, na jingine lichore sakiti ubaoni, kisha wabadilishane. Anayebashiri hujifunza sawa na anayeshika. Na pale pasipo na bodi kabisa, mwalimu na aanze na betri za tochi, balbu na waya. Atie hitilafu makusudi: betri iliyogeuzwa, waya uliokatika ndani ya plastiki, balbu iliyoungua. Mtoto aliyezoea kuitafuta hitilafu ya tochi kwa utaratibu hatababaika bodi itakapofika.

Pingamizi ya pili ni usalama. Volti 3 au 5 za bodi hazimdhuru mtoto, lakini umeme wa ukutani ni volti 230 na huua. Mkono wa mwanafunzi usiuguse umeme huo kwa kisingizio chochote. Vilevile chanya na hasi za betri zisiunganishwe moja kwa moja, kwa sababu waya hupata moto. Taa ndogo ya LED iwekewe rezista. Ikiwa taa yenyewe inachukua kiasi cha volti 2, volti 3 zilizobaki zikigawanywa kwa omu 220 zinatoa milliampia 14 hivi, kiasi ambacho taa na pini huvumilia. Hesabu hiyo na ifanywe ubaoni. Ni hesabu ya kugawanya yenye maana.

Pingamizi ya tatu ni muda na mtihani. Wengine watasema kwamba kipindi cha dakika 40 hakitoshi kutafuta hitilafu. Kweli, mara nyingi hakitatosha. Basi kipindi kiishe hitilafu ikiwa haijapatikana, na wanafunzi waandike walikofika. Kwa ajili hiyo tunapendekeza kila kundi liwe na daftari la hitilafu lenye safu nne: tulichokiona, tulichokidhani, tulichokijaribu, kilichotokea. Katika kusahihisha, kama kazi ina alama 10, daftari lipewe 6 na kifaa kilichowaka kipewe 4. Mtoto ambaye kifaa chake hakikuwaka lakini ameandika majaribio matano yenye mpango, amejifunza kuliko yule aliyenakili sakiti ikawaka mara moja.

Mwalimu Nyerere, alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shule zimjenge mtoto mwenye akili ya kudadisi, mwenye uwezo wa kujifunza kwa wengine na kuchagua linalomfaa, na mwenye kujiamini. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika mwaka 2024, nao unadai umahiri, si kukariri. Madai hayo mawili, yaliyotengana kwa miaka zaidi ya hamsini, hayatatimizwa na vifaa pekee. Yatatimizwa na mwalimu awezaye kusimama mbele ya darasa na bodi isiyowaka, asione aibu, akasema, "Bado sijui. Tuanzie wapi?"

Kwa sababu hiyo tunatoa rai kwa vyuo vyetu vya ualimu. Katika mazoezi ya kufundisha, mkufunzi asimpime mwanachuo kwa zana iliyokwisha kujaribiwa usiku na kuthibitishwa tu. Ampe pia zana yenye hitilafu, atazame anavyoongoza darasa kuitafuta. Na wewe mwanachuo, usingoje kupangiwa shule yenye maabara. Tafuta betri mbili, balbu na waya jioni ya leo. Mwombe mwenzako atie hitilafu moja wewe ukiwa nje. Kisha ingia uitafute, ukiandika kila hatua. Rudia mpaka mkono wako uache kukimbilia kung'oa waya. Ukishaizoea kazi hiyo, utaweza kumwachia mtoto bodi iliyokwama na kumngoja.