Neno la Mhariri: Hewa Ikutane na Maji

Saa nane mchana, mwezi wa Septemba, sokoni Babati. Mama muuza mboga ananyunyizia mchicha maji kwa kopo, kisha anachovya gunia kwenye ndoo, analikamua kidogo na kulifunikia tenga la nyanya. Upepo unapita, gunia linakauka, analilowesha tena. Hiyo ni kazi ya fundi mitambo hasa, na tumeanza toleo hili kwake kwa makusudi.

Maji hayageuki mvuke bure. Yanahitaji joto, nayo hulichota kwenye kilicho karibu: gunia, nyanya, hewa yenyewe. Kilo 1 ya maji ikikauka huondoka na kilojuli kama 2,400. Kwa hiyo ukiwa na lita 100 na lita 1 ikapotelea hewani, zile 99 hupoa kwa nyuzi karibu 6. Ndiyo siri ya mtungi wa udongo: unatoa jasho. Ndoo ya plastiki haitoi, na maji yake hushinda kivulini yakiwa vuguvugu.

Kila tunapojadili mazao yanayoozea njiani, mazungumzo huishia kwenye vyumba vya baridi vya umeme. Sivikatai. Maziwa na nyama havikai bila hivyo. Lakini nyanya mbichi haipendi hata baridi ya jokofu. Ikikaa siku nyingi chini ya nyuzi 10 hivi huharibika ladha na kukataa kuiva vizuri. Kwa nyanya, mchicha na sukuma wiki wa Babati, nasema tuanze na maji na upepo.

Ndani ya jokofu, gesi inayopoza imefungiwa kwenye bomba, na joto lazima lipenye chuma. Hewa ikigusana na maji yenyewe, kizuizi hicho hakipo. Kinachobaki ni kuyatawanya maji yaguswe kila upande, yawe matone, utando mwembamba au mchanga uliolowa. Viwanda vikubwa vinafanya hivyo hivyo. Kule Olkaria, Kenya, kwenye kituo cha kwanza cha umeme wa jotoardhi kilichoanza kazi mwaka 1981, mvuke uliokwisha kuzungusha mitambo ulikutanishwa na maji ya baridi yaliyonyunyizwa ndani ya chombo kimoja nao, ukawa maji. Hayo yalipokwisha kupata moto yalipelekwa kwenye minara, yakadondoka huku hewa ikiyapitia, na kurudi kazini yakiwa yamepoa. Tofauti ya minara hiyo na gunia la sokoni ni ukubwa tu.

Kwa mkulima, mfano ulio karibu zaidi ni kizimba cha matofali kilichobuniwa na watafiti wa India mwanzoni mwa miaka ya 1980: kuta mbili, mchanga katikati, maji asubuhi na jioni, kifuniko cha majani juu. Hakina waya wala mota. Niliwahi kuona kimoja kilichojengwa ndani ya stoo, mlango umefungwa kwa kuogopa wezi. Mchanga ulikuwa umelowa chapachapa na nyanya zilikuwa na ukungu. Hewa ya mle ilikwisha kushiba unyevu, haikuwa na nafasi ya kupokea mvuke zaidi. Kizimba kinataka kivuli, na kinataka upepo. Mbaazi na vitunguu msiviweke humo kabisa. Vyenyewe vinataka ukavu.

Kipimo cha njia hii ni rahisi, na ningependa kila kikundi cha wakulima kiwe nacho. Tundika vipimajoto viwili kivulini penye upepo, kimoja ukivishe utambi wa pamba uliochovywa kwenye chupa ya maji. Hewa ikiwa na nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 40, chenye utambi kitashuka hadi nyuzi 20 hivi, na huko ndiko mwisho wa safari: hakuna gunia wala kizimba kitakachovuka hapo. Unyevu ukiwa asilimia 80, kama siku nyingi za pwani, kitaishia 27. Ndiyo maana kinachomfaa mtu wa Babati wakati wa kiangazi huenda kisimfae mwenzake wa Tanga.

Masika yakiingia, Machi hadi Mei, vipimajoto hivyo viwili vitasogeleana hata hapa kwetu. Siku utakayoviona vinakaribia kulingana, usihangaike kumwagia mchanga maji. Pakia nyanya zako, ziwahi soko siku hiyo hiyo.