Kuketi kimya bila ya kukomaa moyo ni kazi bure

Wako watu katika miji yetu hii ya pwani ambao wakiwa msikitini ni wapole kama maji ya mtungini, na wakivuka kizingiti cha nyumba zao hugeuka wakawa moto. Tasbihi iko mkononi, lakini ulimi haujatulia. Chai ikichelewa, mtoto akivunja gilasi, au jirani akiegesha gari mlangoni, papo hapo utulivu wote uliokusanywa alfajiri humwagika. Nimeishi miaka hamsini na kitu, na nimeona nyumba kadha wa kadha zikivunjika. Chache zilivunjwa na njaa. Nyingi zilivunjwa na neno moja lililotamkwa kabla ya pumzi moja kuvutwa.

Nimeyaleta haya kwa sababu siku hizi pamezuka mtindo mpya. Utamwona kijana ameziba masikio kwa vidude vya kusikilizia, amefumba macho, na simu inamwambia vuta pumzi, toa pumzi. Shela na Diani kunakuja wageni wanaokodi nyumba ili wapate kuketi kimya tu, na vijana wetu wanaowahudumia wakaupenda mchezo huo. Ukiwauliza umetoka wapi, watakutajia Japani na neno Zen. Wazee wengine wanakereka na kusema huu ni upuuzi wa makafiri. Vijana nao wanajibu kwamba ndiyo dawa ya hasira na dhiki ya mambo leo.

Mimi, ndugu msomaji, siko kwa hawa wala kwa wale. Ninalouliza ni jambo moja: je, kuketi huko kunamfanya mtu akawa mtu mzima wa moyo? Yaani mtu anayeweza kuudhiwa asitukane, kuambiwa kosa lake asinune, na kumwona mwenziwe analia asikimbie? Jibu langu ni kwamba kuketi peke yake hakumfikishi mtu huko. Kukifungamana na kazi ya kujirekebisha, kunafaa sana. Na ushahidi nitautoa kwa hao hao wenye Zen.

Kwanza tuelewane juu ya neno. Wahindi wa kale walikuwa na neno dhyana, maana yake kutafakari kwa kina. Lilipofika Uchina pamoja na dini ya Kibudha likawa chan, na Wajapani wakalitamka zen. Hilo ni tawi la dini ya Kibudha, na sisi tuna dini yetu. Simwiti mtu kwenye ibada ya wengine. Kitendo chenyewe ni chepesi kukieleza. Mtu huketi juu ya mto mdogo wa duara, miguu ameikunja, mgongo ameunyosha, macho yakitazama chini nusu wazi. Wengine huelekea ukutani. Anayeanza hufunzwa kuhesabu pumzi zake, moja mpaka kumi, kisha arudi moja. Mawazo yakija asiyafukuze wala asiyafuate. Zamani muda ulipimwa kwa kijiti cha ubani kinachoungua.

Watu wa Marekani waliyachukua mafunzo haya na kuyavua kanzu ya dini. Mwaka 1979 mtaalamu mmoja, Jon Kabat-Zinn, ambaye alikuwa amesoma kwa walimu wa Zen, alianzisha katika hospitali ya chuo kikuu cha Massachusetts mafunzo ya wiki kadha kwa wagonjwa wenye maumivu na dhiki. Hiyo ni mojawapo ya njia zilizoifikisha pumzi ya Wajapani mpaka katika simu ya kijana wa Majengo.

Sasa nisikilizeni kisa ambacho Wajapani wenyewe wamekihifadhi. Mwaka 1223 kijana wa Kijapani aitwaye Dogen, wa miaka 23, alipanda chombo akaenda Uchina kutafuta elimu. Chombo kilipotia nanga bandarini, yeye akabaki ndani. Siku moja akaja mzee wa miaka 61, mpishi wa hekalu moja la mbali, kununua uyoga kwa wafanyabiashara wa Kijapani. Dogen akafurahi kumpata mtu wa kumwuliza masuala, akamsihi alale hapo wazungumze. Mzee akakataa: kesho yake lazima apike, na kazi ile ni yake. Dogen akashangaa kwa nini mtu wa umri ule ajisumbue na masufuria, badala ya kuketi akatafakari na kusoma vitabu. Mzee akacheka, akamwambia kwamba bado hajafahamu kutafakari ni nini.

Baadaye Dogen akamkuta mpishi mwingine, wa miaka 68, akianika uyoga juani bila ya kofia, mgongo umempinda na jasho linamtiririka. Akamwuliza kwa nini hawatumi vibarua. Mzee akajibu kwamba mtu mwingine si yeye. Kijana akanyamaza. Alipata akili kwa hao wapishi wawili kuliko aliyoyapata kwa wasomi wengi, na mwaka 1237 akaandika kitabu kizima cha kuwafunza wapishi wa mahekalu. Miaka saba baadaye, 1244, akaanzisha hekalu ambalo mpaka leo linajulikana kwa jina la Eiheiji.

Mwaona basi. Mmoja wa walioipeleka Japani njia hii ya kuketi alifundishwa tangu mwanzo kwamba kipimo cha kuketi kiko jikoni. Kiko katika namna unavyoosha mchele, unavyomjibu anayekuharakisha, unavyoshika kazi ambayo hakuna atakayekusifu kwayo.

Lakini kulijua jambo si kulitenda. Mwaka 1959 mwalimu wa Kijapani, Shunryu Suzuki, alifika San Francisco, na mwaka 1962 wafuasi wake wakaasisi kituo ambacho kilipata sifa kubwa Marekani. Alifariki mwaka 1971 akamwachia mrithi. Watu wakaketi alfajiri na jioni miaka mingi. Mwaka 1983 pakazuka zogo kubwa: ikafichuka habari ya mahusiano ya mrithi huyo na wanawake na matumizi yake ya fedha za kituo, mpaka ikambidi aondoke. Waliokuwa hapo walijiuliza swali chungu: imekuwaje mtu kuketi saa elfu na elfu, na bado nafsi yake ikamshinda katika mambo ambayo mtoto wa chuo angejua kuwa ni mabaya? Na imekuwaje sisi tuliokuwa tukiketi naye tukayaona na kunyamaza?

Mwaka uliofuata, 1984, mwanasaikolojia John Welwood, naye akiwa mfuasi wa njia za Kibudha, alilipa tatizo hilo jina. Kwa Kiswahili chetu naweza kuliita kukwepea katika ibada. Maana yake, mtu ana kidonda cha moyo, ana woga au wivu au deni la msamaha, na badala ya kukitibu kidonda anakifunika kwa kutafakari. Anauita ubaridi wake utulivu. Mkewe akimlalamikia anamjibu kwa sauti laini kwamba yeye ameshayavuka mambo ya dunia. Kumbe hakuyavuka, ameyakimbia.

Na yako makubwa zaidi ya hayo. Wakati wa vita vya Wajapani katika karne iliyopita, walimu wengi wa Zen waliibariki vita na kuwafunza askari kuua kwa moyo uliotulia. Mwaka 1992 madhehebu ya Soto, ambayo ndiyo yanayomfuata Dogen, yalitoa tamko la kutubia, na mwaka 1997 Brian Victoria, kasisi wa madhehebu hayo hayo, akaandika kitabu juu ya habari hizo. Kwa hivyo utulivu peke yake si wema. Hata mwindaji hutulia akimlenga paa.

Basi kwa nini kuketi hakutoshi? Kwa rai yangu, kwa sababu pumzi hutuliza mwili, lakini haimfunzi mtu kusema nisamehe. Pumzi humpa mtu nafasi, kama kidato kati ya wimbi na wimbi. Atakaloliweka katika nafasi hiyo ni juu yake. Na hapa naona kazi tatu ambazo mkeka hauwezi kumfanyia mtu.

Ya kwanza ni kulijua jina la kinachokuchoma. Sisi wanaume wa pwani tumelelewa na jina moja tu, hasira. Mtu akiona aibu, hukasirika. Akiogopa kwamba pesa za kodi ya nyumba hazitoshi, hukasirika. Akimwonea mwenziwe wivu, hukasirika. Ukitulia ukatazama, aghalabu utaikuta hasira ni bawabu tu, na mwenye nyumba yuko ndani anatetemeka.

Ya pili ni kulibeba fungu lako. Ugomvi ni mzigo wa watu wawili, na kila mmoja ana upande wake wa kushika. Anayeketi kisha akatoka na orodha ya makosa ya mkewe, huyo hakutafakari, alikuwa akiandika mashtaka.

Ya tatu, na ndiyo nzito, ni kubaki. Kubaki mbele ya mtu uliyemwumiza, ukamsikiliza mpaka amalize, bila ya kujitetea wala kukimbilia barazani kwa kahawa. Hapo ndipo mtu mzima hujulikana.

Najua msomaji mmoja keshaanza kuguna: sisi tuna Sala tano na Qur'ani, Wajapani wa nini? Namjibu kwamba amesema kweli, na kweli hiyo ndiyo inayotushitaki. Waliosoma chuoni Safinatun-Najaa wanakumbuka kwamba nguzo za Sala zimehesabiwa humo kumi na saba, na nne miongoni mwake ni tumaanina: kutulia katika kurukuu, katika itidali, katika kusujudu, na katika kikao baina ya sijida mbili. Sisi tulizihifadhi kwa sauti ya pamoja mpaka tukapoteza sauti. Leo tazama jinsi tunavyosali, kama kuku anayedonoa mtama. Tumaanina tumewaachia watoto waikariri. Na Mtume wetu (S.A.W.) ametufunza kwamba aliyeghadhibika akiwa amesimama aketi, na ikiwa haikumtoka ajilaze. Ni wangapi tunaoketi?

Na lile la kukwepea katika ibada halikumngoja Mmarekani. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameliandika kwa urefu katika Ihyaa: ria, ghururi, na mtu kuhadaika na amali zake. Naye akatupa dawa kwa mfano ambao mtu wa pwani hahitaji kufasiriwa, mfano wa biashara. Nafsi yako, asema, ifanye kama mshirika uliyempa mtaji. Asubuhi wekeana naye masharti. Mchana kutwa mchunge. Jioni fungua daftari mfanye hesabu, ujue faida iko wapi na hasara iko wapi. Musharata, muraqaba, muhasaba. Wenye Zen wana hodari wa kuichunga nafsi wakati huo huo inapotenda. Kilichowapotea wale wa San Francisco, naona, ni daftari la jioni.

Kwa hivyo sitawaambia vijana waitupe ile simu yao, wala sitawaambia wazee wainunue. Nasema kila anayeketi afungamanishe kikao chake na hesabu. Ukishamaliza kutulia, iwe umetulia msikitini baada ya alfajiri, au barazani, au kwenye foleni ya feri ya Likoni, jiulize: jana nilimkata nani kwa ulimi? Nitamwambia nini leo, na saa ngapi? Kisha nenda ukamwambie. Asipokusamehe siku hiyo, rudi siku ya pili.

Na wakati wa hamaki, kabla hujabonyeza simu kutuma sauti yako imejaa matusi, keti. Kabla hujaitamka talaka, keti. Masheikh wana maneno marefu juu ya talaka ya mtu aliyeghadhibika, nami si mahali pangu kuingia humo. Lakini waulizeni makadhi ni wangapi wanaokuja kesho yake, macho mekundu, wakitafuta mlango wa kurudia. Pumzi kumi hazifiki dakika moja. Mtoto anayelelewa baina ya nyumba mbili huzilipa miaka ishirini.

Mama zetu nao wasidhani nimewasahau kwa kuwa nimewasema wanaume. Kununa wiki nzima bila ya kusema neno si subira. Nako ni kimya, na nako kuna kukwepa ndani yake. Subira ni kungoja mpaka moto upoe, kisha ukalisema lako lote kwa staha.

Nafunga kwa ubeti mmoja, ili anayeona makala ni marefu apate cha kushika:

Hasira ikikujia, keti utuwe moyoni,
Neno ukiliachia, halirudi mdomoni,
Mwenye kujizuilia, huyo ndiye mwenye shani,
Kimya cha kukimbilia, si utulivu yakini.

Wabillahi taufiq.