Tumaini Lina Haki Zake

Mwezi uliopita alitujia kijana mmoja baada ya sala ya Alasiri, akakaa kimya kitambo, kisha akasema: "Maalim, mimi pwani sirudi tena." Kijana huyu na wenziwe walikuwa wamepanda miche ya mikoko mahali palipokatwa miti kwa ajili ya kuchomea chokaa. Bamvua likaja, likang'oa zaidi ya nusu. Akauliza: "Tukipanda bahari yang'oa, tukilinda wengine wakata. Kutumaini kuna faida gani?"

Hatukutaka kumjibu kwa maneno matamu. Kumwambia mtu ya kwamba mambo ni mema, na hali si mema, ni udanganyifu. Na udanganyifu hauwi halali kwa kuwa umevikwa nguo ya faraja. Basi tulimpa khabari ya choroa wa Arabuni, nasi twapenda wasomaji wetu, wakubwa kwa wadogo, waisikie.

Choroa huyu ni mnyama mweupe mwenye pembe mbili ndefu, na makao yake ni majangwa ya Bara Arabu. Wawindaji walipopata magari na bunduki za kisasa, hakuwa na pa kukimbilia. Mwaka 1962 msafara ulioongozwa na Ian Grimwood, aliyekuwa Bwana Nyama Mkuu wa Kenya, uliingia jangwa ambalo leo ni la Yemen, ukakamata wanne tu, mmoja akafa. Watatu waliobaki wakapitishwa Kenya, kisha wakapelekwa Phoenix, Marekani. Huko wakaunganishwa na wengine waliotoka kwa Mfalme Saud, na Kuwait, na bustani ya wanyama ya London, hata wakatimia tisa. Ilipofika mwaka 1972, choroa wa mwisho wa mwituni akauawa katika Jiddat al-Harasis, nchini Oman.

Mwenye kutazama hisabu peke yake angalisema yamekwisha. Lakini wale wachache wakazaa, na mwezi wa Januari 1982 choroa kumi wakaachiwa huru katika Jiddat al-Harasis ile ile, wakilindwa na Waharasis wenyewe, wenyeji wa jangwa lile. Mwaka 1996 walikuwa kiasi cha 450.

Lau khabari ingaliishia hapo ingalikuwa tamu, wala isingalitufaa. Mwaka ule ule majangili walianza kuwakamata wazima wazima na kuwauza kwa watu wapendao kuwafuga. Ilipofika mwaka 2007 walibaki 65, na jozi zenye kuzaa zilikuwa kiasi cha nne. Hifadhi yao ilikuwa imepunguzwa kwa sehemu tisa katika kumi, na UNESCO ikaifuta katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ndiyo hifadhi ya kwanza kufutwa katika orodha hiyo.

Je, kazi ya miaka 45 ilipotea bure? La. Waliokuwa na khofu ya kweli hawakuiweka amana yote katika chombo kimoja. Saudia nayo ilikuwa imekwisha kuwaachia choroa huru, katika Mahazat as-Sayd mwaka 1990 na katika Uruq Bani Ma'arid mwaka 1995. Mwaka 2011, walipohesabiwa kiasi cha 1,000 mwituni, shirika la IUCN liliwahamisha kutoka daraja la walio hatarini kutoweka, likawaweka daraja la chini yake lenye khatari ndogo zaidi. Hapajapata kuwa kabla yao mnyama aliyetoweka mwituni akapanda hadi hapo.

Wanazuoni wetu wamepambanua baina ya kutumaini na kutamani. Mwenye kutumaini ni mkulima aliyelima, akapanda, akapalilia, kisha akangoja rehema ya Mola wake. Mwenye kutamani ni yule aliyelala na huku angoja mavuno. Naye Mtume wetu, sala na salamu zimshukie, ametufunza ya kwamba aliye na mche mkononi na Kiama kinasimama, akiweza kuupanda, na aupande. Hakutuahidi ya kuwa mche ule utazaa.

Basi tumaini lina haki zake: tuseme kweli juu ya khasara, tusiache kulinda siku tunapofanikiwa, na tusimtake maskini alinde mti au mnyama bila ya kumshirikisha na kumfikiria riziki yake.

Kijana yule alituaga bila ya kusema neno. Ijumaa iliyofuata alirudi, akatuambia ya kwamba amekwenda kuwauliza wavuvi wazee, nao wamemwonyesha kuwa miche ile ilipandwa mbele mno, mahali mawimbi yanapopiga. Safari hii watapanda nyuma kidogo, kwenye matope yaliyotulia.

Miche hiyo itashika au haitashika, hilo ni la Mwenyezi Mungu. Kuuliza, kupanda na kulinda ni juu yetu.