Jiwe la jikoni liuzwe kwa jina lake

Anayekarabati jiko leo, awe Nairobi, Arusha au Kampala, huenda akataka kaunta ya jiwe. Mara nyingine bamba analoletewa limevuka mpaka mikononi mwenu, ndugu wafanyabiashara.

Marumaru na graniti si kitu kimoja. Marumaru ina asili ya chokaa: ndimu, siki au ukwaju ukimwagika, mng'aro hufifia na sabuni hairudishi. Graniti ni ngumu zaidi na haidhuriwi na ndimu, ila hupakwa dawa ili isinyonye mafuta. Aliyelipia graniti akauziwa marumaru atajua mara tu atakapoanza kupika. Atamlaumu muuzaji, kisha ataisema vibaya nchi alikotoka.

Mpakani nako ukweli una faida. Jiwe lililochimbwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, likiwa na cheti cha uasili wa bidhaa, halitozwi ushuru wa forodha katika nchi mwanachama, ingawa kodi nyingine zipo palepale. Lakini bamba lililoagizwa kutoka nje haligeuki kuwa la Jumuiya kwa kulala usiku mmoja katika ghala la jirani. Anayedanganya hapo huwaharibia wenzake wote wanaofuata kwenye foleni.

Rai yetu ni moja: kila risiti itaje aina ya jiwe, unene wake na mahali lilikochimbwa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.